Namna ya kupima kama uwanja wa mmiliki binafsi kweli ni wa umma

Anza na hati, si na mabenchi. Viwanja vingi vya namna hii huzaliwa na mapatano: tangu mwaka 1961, New York imekuwa ikimruhusu mjenzi kuongeza ukubwa wa jengo kupita kiwango cha kawaida, ilimradi aache nafasi ya wazi ambayo umma utaitumia. Maana yake ni kwamba mmiliki amekwisha kulipwa kwa ghorofa za ziada, na anayeketi pale haombi hisani ya mtu. Masharti huhifadhiwa katika idara ya mipango miji. Yasome, unakili saa za kufungua, idadi ya viti na vitu vingine vilivyoahidiwa.

Kisha nenda mwenyewe, mara moja adhuhuri ya siku ya kazi na mara nyingine jioni ya Jumapili, kwa kuwa lango lililo wazi wakati wa kazi huenda likawa na kufuli saa nyingine. Tafuta bango linalosema kuwa umma unaruhusiwa, ambalo mara nyingi utalikuta nyuma ya kichaka. Keti nusu saa bila kununua chochote. Pitisha kiganja juu ya ukingo wa ukuta: vijino vya chuma vilivyopachikwa hapo havikuwekwa kwa urembo. Angalia pia kama meza za mkahawa zimeanza kumeza nafasi ya wapita njia. Mlinzi akikukataza jambo, mwombe kwa upole akuonyeshe kanuni iliyoandikwa. Hapo ndipo hutambulika kama anatekeleza sharti au anatimiza matakwa ya bosi wake. Usidhani haya ni nadra, kwani ukaguzi wa mwaka 2017 wa New York ulikuta maeneo 182 kati ya 333 hayatimizi masharti.

Swali gumu zaidi ni nani anaweza kukufukuza, na kwa msingi gani. Mwaka 2011 waandamanaji walikaa Zuccotti Park, uwanja wa namna hii huko New York, karibu miezi miwili, kwa sababu mmiliki alibanwa na sharti la kuiacha wazi saa 24, ilhali bustani za jiji hufungwa usiku. Aliandika kanuni za kuzuia mahema na kulala baada ya watu kuingia, na mwishowe polisi wakawaondoa. Mwaka huohuo, Paternoster Square ya London, nayo mali ya mmiliki binafsi, ilizungushiwa vizuizi na mahakama ikazuia mkusanyiko, na bango likatangaza kwamba ruhusa ya umma kuingia imefutwa. Ruhusa inayofutika kwa bango ni ukarimu tu, hata uwanja ukiwa umejaa watu kila siku.

Ukigundua ukiukaji, peleka malalamiko kwa mamlaka ya jiji pamoja na tarehe, saa, picha na namba ya kifungu kilichovunjwa, kwa maana lalamiko lisilotaja kifungu hujibiwa kwa maneno matamu.