Kupiga picha Tromsø, Norwei, na kaskazini ya mbali: msimu, setingi na ule unyevu unaoua kamera

Binamu yangu kaja toka Dar na kamera mpya, maswali hayaishi, nikaona bora niyaandike yote hapa ili mwingine akija asinipigie simu saa nane za usiku.

Hatua ya 1: Msimu kwanza, tiketi baadaye

Unataka aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku? Usije Juni. Tromsø jua halizami kuanzia kama tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai hivi, anga jeupe usiku kucha, sasa utaona nini? Mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari ndo kinyume chake, jua halichomozi kabisa, ila si giza totoro kama watu wanavyodhani, mchana unapata masaa machache ya mwanga wa bluu na waridi na milima inatoka vizuri mno. Mimi chaguo langu ni Septemba: usiku umesharudi, maziwa hayajaganda kwa hiyo aurora unaipata angani na kwenye maji, na miti imegeuka njano. Mawingu yakikaza pwani, endesha mpaka kijiji cha Skibotn, milima ya Lyngen inaizuia mvua na kule anga huwa safi mara nyingi.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi pana ya f/2.8 (yaani tundu lake linafunguka sana, mwanga mwingi unaingia), tripodi ya kaboni (ya alumini ikiganda inauma vidole), betri tatu. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Hatua ya 3: Setingi

Piga RAW (faili ghafi, rahisi kurekebisha baadaye). Anza na ISO 1600 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/2.8, shata wazi sekunde 8. Aurora ikianza kucheza kwa kasi shuka mpaka sekunde 2 au 3, la sivyo unapata doa moja la kijani. Zima otofokasi, vuta nyota moja kwenye skrini, zungusha ringi ya fokasi mpaka iwe kidoti, halafu bandika selotepu kwenye hiyo ringi isicheze. Ile alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini. Mchana kwenye theluji ongeza mwanga +1 au zaidi kidogo, maana kamera yenyewe inaifanya theluji iwe kijivu.

Hatua ya 4: Kurudi ndani

Hapa someni taratibu. Watu wanaogopa baridi, kumbe kamera nyingi nyuzi 20 chini ya sifuri zinapiga tu, balaa ni pale unapoingia nayo sebuleni. Soda ya baridi ukiitoa kwenye friji Dar inavyotoka jasho, ndivyo kamera inavyofanya, tofauti ni kwamba maji yanaingia mpaka nyuma ya vioo vya lenzi. Kwa hiyo, ukiwa BADO NJE, toa memori kadi na betri uende navyo ndani, kamera itie kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga, halafu tia kwenye begi ufunge na begi. Unyevu utatua juu ya plastiki. Begi liache kwenye korido karibu na mlango, masaa mawili matatu, na lenzi kubwa ni bora ilale humo mpaka asubuhi. Binamu alifungua baada ya robo saa eti aangalie tu kidogo, lenzi ikawa nyeupe yote.

Na gari je? Gari ndo linawaponza wengi, unapiga, unaingia kupasha mikono hita iko juu kabisa, unatoka tena, na kila ukitoka yale maji yanaganda kwenye kioo. Kamera ikae kwenye buti, basi. Kibanda mlichopika na kuanika nguo ni kibaya zaidi, hewa yake imejaa mvuke. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu vinasaidia kidogo, ila havichukui nafasi ya mfuko. Na kama imeshalowa: usiwashe, usibadilishe lenzi, usiweke juu ya hita, na usirudi nayo kwenye baridi. Iache ikauke yenyewe.

Hatua ya 5: Wanyama

Rendia (kulungu wa kaskazini) unaowaona barabarani wana wenyewe, wafugaji Wasami, wenyeji wa huku, na Mei majike wanazaa, kaa mbali. Kwa ndege nenda mji wa Vardø, pale unavuka kwa boti dakika chache tu mpaka kisiwa cha Hornøya, Machi pafini (ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi) wameanza kurudi na theluji bado ipo, ukilala chini kwenye njia wanakupita karibu mpaka lenzi ndefu inashindwa kufokasi.

Dubu weupe ni Svalbard, visiwa vya Norwei kaskazini zaidi, na tangu 2025 sheria inataka ukae mbali nao angalau mita 300, kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni mita 500. Picha ya uso kujaa fremu sahau. Mpige picha aonekane mdogo ndani ya barafu yake, tena mimi naona ndo picha nzuri zaidi.