Mnyororo mmoja, shingo sita: kuonyesha mateka wa vita jukwaani

Kila Februari inapokaribia, Songea tunajiandaa kuwakumbuka mashujaa wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, walionyongwa Februari 27, 1906, na walimu huniomba niwasaidie na maigizo ya wanafunzi wao. Wengi huniletea mateka anayesimama katikati ya jukwaa akasimulia mateso yake kurasa mbili nzima. Nawaomba wazifute. Mateka amenyang'anywa hata nafasi ya kusema. Hadhira imwone.

Anza na mnyororo. Wajerumani waliwafunga wafungwa shingo kwa shingo kwa mnyororo mmoja, na picha za wakati ule zipo hadi leo. Sisi tulianza na kamba ya katani, haikufaa. Vijana sita walitembea kama watu wanaotoka sokoni. Tukaazima mnyororo wa plau. Miguu ikabadilika yenyewe. Lakini usimfunge mtoto wa mtu chuma shingoni: shona kola za gunia zenye upana wa vidole vinne, nyuma ziachie upesi zikivutwa, na mnyororo ulale mabegani, uzito wake usifike kooni. Kagua kola moja moja kabla ya kila zoezi.

Sasa wape ndoo moja ya maji na kata moja ya kibuyu. Usiwaambie waigize kiu. Wa kwanza akiinama kunywa, wa pili anavutwa, wa tatu anapiga goti asitake. Kata inapita mkono kwa mkono. Ikimfikia wa sita, wa kwanza amekwisha kuchoka kuinama na anataka kusimama. Kijana wetu wa sita siku moja aliirudisha kata ikiwa bado imejaa, kwa sababu aliona shingo ya mwenzake inatetemeka. Hakuna aliyemfundisha. Tuliliacha tendo hilo kama lilivyo, na mpaka leo ndilo ninaloliamini kuliko neno lolote lililomo kwenye igizo letu.

Kata hiyo iwe ileile iliyonyunyizia dawa ya maji, ile iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, katika onyesho la kwanza. Usiifafanue popote, aliyeiona mwanzo ataitambua. Ebrahim Hussein alimalizia tamthilia yake ya *Kinjeketile* (1969) kwa mfungwa aliyepigwa, anayetakiwa aseme maji yale yalikuwa uongo, naye akakataa. Maji ndiyo kiini cha vita hivi, kwa hiyo yaonekane mikononi mwa mateka.

Viboko vinahitaji uangalifu mkubwa. "Hamsa ishirini", yaani viboko ishirini na tano, ilikuwa adhabu ya kawaida ya wakati wa Mjerumani, na kila mwongozaji anatamani kuionyesha. Tulipoionyesha waziwazi, wanafunzi walicheka, maana walimjua mpigaji na walimjua mpigwaji. Niliumia sana. Tangu hapo anayepigwa yuko nyuma ya pazia, gunia lililolowa linapigwa chini, askari anahesabu kwa sauti ya karani. Mbele wamebaki watano wenye mnyororo, nyuso zikitutazama. Kufika kumi na mbili ukumbi mzima huwa kimya.

Mwanga usikusumbue. Taa moja ya pembeni, iliyowekwa chini, inatosha kukuza vivuli vya mnyororo ukutani.

Ukitaka kuona jambo hili ni la zamani kiasi gani, kumbuka Euripides wa Ugiriki, mwaka 415 kabla ya Kristo, na tamthilia yake ya wanawake mateka wa Troia. Mjukuu wa Hekuba, malkia wa Troia, ameuawa, na maiti yake inaletwa juu ya ngao ya baba yake Hektori. Kilichomkinga baba vitani kinakuwa jeneza la mwanawe. Bibi ana maneno mengi pale, lakini ngao imekwisha kusema.

Kitanzi cha kunyongea sikionyeshi kabisa. Taa inazimwa. Ikiwaka, askari anarudi akiuburuta mnyororo uleule, kola sita za gunia zikiwa wazi, zinafuta vumbi nyuma yake. Ndoo ipo palepale, na kata ndani yake. Apite taratibu, avuke jukwaa lote, asitazame pembeni. Taa ikizimwa tena, aendelee kuburuta gizani mpaka sauti ipotelee nje ya ukumbi, ndipo waigizaji waje kuwaamkia watazamaji, shingo zikiwa wazi.