Kukagua MGB Kabla ya Kuinunua: Anzia Vizingitini

Injini ya MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, hufufuka kwa urahisi: vipuri vipo, na fundi aliyezoea injini za zamani haimsumbui. Kinachomaliza pesa ni bodi iliyooza. Kwa hiyo usifungue boneti kwanza. Lala chini.

Sababu ni namna gari lilivyoundwa. MGA, gari lililoitangulia, ilikuwa na chesisi, yaani fremu ya chuma, na bodi imekaa juu yake. MGB, kazi ya mhandisi Syd Enever, iliyoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwenye ile ya wazi, isiyo na paa la chuma, mzigo mkubwa huishia kwenye vizingiti vya chini ya milango. Kila kizingiti ni boksi la mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja: la nje, la ndani na la chini, na jingine limesimama katikati. Kutu huanza ndani ya boksi, ndiyo maana rangi inaweza kung'aa huku ndani mmebaki unga.

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini, uipitishe kwenye vizingiti na sehemu za chini za madigadi. Isiposhika, hapo pana puti iliyopakwa kuficha kutu. Boneti usiihesabu: kwenye magari mengi ya miaka ya 60 ni ya aluminiamu.

Funga mlango, utazame mwanya wake wa nyuma. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, bodi imelegea katikati. Kisha weka jeki kwenye sehemu yake ya asili, katikati ya ubavu, uinue taratibu. Mwanya ukibadilika au mlango ukigoma kufunguka, achana na gari hilo. Ukisikia bati likipondeka, shusha gari mara moja.

Gari likisemwa limebadilishwa vizingiti, uliza kazi ilifanywaje. Bati la nje huendelea nyuma ya madigadi ya mbele, na mwisho wake wa nyuma umefunikwa na madigadi ya nyuma. Kazi ya kweli hudai kufungua boliti za madigadi ya mbele na kukata kipande cha chini cha ile ya nyuma. Bati jipya lililochomelewa juu ya bovu linaficha tu ubovu, na kutu inaendelea kula.

Chokoa tope lililojaa nyuma ya magurudumu ya mbele. Hukaa na unyevu mwaka mzima. Gonga pia mahali springi za nyuma zinaposhikwa kwa mbele, na uangalie visanduku vya betri nyuma ya viti. Magari ya kabla ya 1974 yana betri mbili za volti 6, na asidi yake hula bati.

Injini ni ya sentimita za ujazo 1798. Za mwanzo zina beringi kuu 3. Kuanzia mwishoni mwa 1964 ni 5, na hizo ndizo za kutafuta. Ikishapata moto, geji ya oili isome pauni 50 kwa inchi ya mraba au zaidi ukiwa barabarani. Ikiwa chini sana ya hapo, beringi zimechoka.

Mwisho, nyanyua gurudumu la mbele, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza huku mtu amekanyaga breki, kasoro haiko kwenye beringi za gurudumu bali kwenye kingpini, pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na ambayo mara nyingi hufa kwa kukosa grisi.