Kipima upepo shambani: pa kukifunga na namna ya kukisoma kabla ya kupiga dawa

Ukifunga kituo cha hali ya hewa shambani, iwe kwenye viazi kule Umalila mkoani Mbeya au parachichi Njombe, kipimajoto na kipimamvua havitakupa shida sana. Msumbufu ni kipima upepo. Kikichoka hakizimi, kinaendelea kusoma kidogo kidogo, nawe unaamini kumetulia. Unapiga dawa, inapeperuka hadi kwenye mboga za jirani au mizinga ya nyuki.

Kwa shamba la kawaida, cha vikombe vitatu kinatosha. Vile vya mawimbi ya sauti havina kinachozunguka, ila bei yake iko juu, na umande au barafu ya alfajiri mwezi wa sita na wa saba maeneo kama Kitulo huweza kuvichanganya. Tafuta cha viwandani kinachotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Faida yake ni hii: upepo ukitulia kabisa, mkondo unabaki 4. Ukisoma 0, ujue waya umekatika au umeme haufiki. Kama kimetengenezwa kupima mita 0 hadi 30 kwa sekunde, toa 4 kwenye mkondo uliosomwa, gawa kwa 16, zidisha kwa 30. Miliampea 12 ni mita 15 kwa sekunde. Loga, yaani kifaa kinachorekodi vipimo, ikiwekewa kikomo cha 60 badala ya 30, kila kipimo kitatoka mara mbili na hakuna atakayeshtuka hadi upepo mkubwa uje.

Ukinunua cha RS485, yaani kinachotuma data kwa namba kupitia nyaya mbili badala ya mkondo, kosa la kawaida ni kugeuza nyaya A na B: taa inawaka, data haiji. Zibadilishane kabla hujarudisha kifaa dukani.

Mahali pa kufunga ndipo kazi ilipo. Kipimo rasmi cha hali ya hewa huchukuliwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na umbali kutoka kizuizi chochote uwe angalau mara 10 ya urefu wake. Mikaratusi ya mita 15 inadai mita 150. Paa la ofisi ya shamba lisikushawishi, hata kama waya utakuwa mfupi: upepo unaogonga ukuta hupanda na kujikunja, na namba inayotoka hapo ni ya paa.

Bomba moja la chuma huwa na mita 6, kwa hiyo utaunganisha mawili: la inchi 2 chini, la inchi moja na nusu likizama ndani yake. Kaza kwa nyaya pande tatu, kitako kiwe na bawaba ili nguzo ilale chini siku ya kusafisha. Hakikisha kwa pima maji kwamba kichwa kimenyooka. Waya uache kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu la kuingilia kwenye boksi, mvua idondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Weka na waya wa athi, maana radi za Nyanda za Juu Kusini huipenda nguzo ndefu iliyosimama peke yake.

Sasa, namba ya mita 10 siyo upepo unaopita kwenye nozeli. Kwenye uwanda wa majani mafupi, zidisha kwa 0.75 upate wa mita 2, ambao ndio unaotumika pia kukokotoa mahitaji ya maji ya mimea. Mita 5 kwa sekunde juu zinakuwa 3.75. Lakini kwenye miteremko ya milima ya Uporoto hesabu hiyo haiaminiki, kwa sababu kilima huukimbiza upepo na bonde huuficha. Beba kipima cha mkononi, pima kimo cha nozeli, linganisha na nguzo siku tofauti.

Piga dawa upepo ukiwa kati ya kilomita 3 na 15 kwa saa, yaani karibu mita 1 hadi 4 kwa sekunde, ukiangalia wastani wa dakika 10 pamoja na mikupuo, yaani upepo unaovuma ghafla kwa nguvu. Lebo ya dawa ikitaja kikomo kingine, fuata lebo. Chini ya kilomita 3 kwa saa nako kuna hatari: alfajiri ya kipupwe hewa baridi hulala bondeni, na matone madogo huelea nayo hadi usikotarajia. Tazama moshi wa jikoni. Ukitanda kama shuka badala ya kupanda, subiri jua lipashe ardhi.

Kila mwezi laza nguzo. Ondoa utando wa buibui, kisha vipulize vikombe polepole kwa mdomo. Vinatakiwa kuanza bila kusita na kusimama taratibu. Vikikwaruza au kusimama ghafla, badilisha beringi. Usitie oili ya pikipiki. Asubuhi yenye baridi huwa nzito, na upepo mdogo hautasomeka kabisa.