Namna ya Kuandaa Baraza la Mchezaji Mashuhuri wa Gemu na Mashabiki Wake Zanzibar

Kila mashabiki wanapokutana na mchezaji mashuhuri wa gemu, swali la mwanzo huwa ni lile lile: unapenda gemu gani? Mgeni hutaja majina matatu au manne, ukumbi hupiga makofi, kisha mazungumzo hukwama, kwa sababu jina la gemu peke yake halina la kufuatiliwa. Mwongozo huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa na kuongoza baraza la namna hiyo, awe ni mwenye banda la gemu Kikwajuni, mwalimu wa skuli Wete, au kikundi cha vijana kilichopata ahadi ya mgeni kutoka Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Msimamo wangu ni kwamba baraza hufana pale mgeni anapoulizwa jinsi anavyoicheza gemu anayoipenda na kuombwa aonyeshe papo hapo, na kwamba mengine yote, kuanzia viti hadi umeme, yanapaswa kupangwa kwa kulitumikia jambo hilo.

Gemu kwanza, ukumbi baadaye

Mapema kabla ya siku yenyewe, mwombe mgeni ataje gemu tatu: moja aliyoanza nayo utotoni, moja inayompatia jina au riziki, na moja anayoicheza akiwa peke yake bila ya kurekodiwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye utamu, kwa kuwa mara nyingi haifanani kabisa na zile mbili. Bingwa wa mapigano anaweza kukuambia kwamba usiku hutulia na Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, na hapo tayari una mlango wa mazungumzo ambao hakuna shabiki aliyeutarajia.

Ukishapata majina, yasome. Mwongozaji asiyeijua gemu inayozungumzwa hutambulikana mara moja, na mashabiki wa gemu hawana huruma katika jambo hilo. Chukua mpira wa miguu, ambao ndio utakaotajwa zaidi kuliko yote. Mfululizo wa FIFA ulianza mwaka 1993 na ukafikia mwisho wake kwa jina hilo katika FIFA 23. Kuanzia mwaka 2023 kampuni ya EA inautoa kwa jina la EA Sports FC. Mpinzani wake, PES ya kampuni ya Konami, aligeuzwa jina mwaka 2021 akawa eFootball, na akaanza kutolewa bure. Kwa hiyo kijana akisimama na kusema bado anacheza "FIFA mpya", usimsahihishe mbele ya watu, bali muulize anachezea mashine au simu, kwani anayecheza eFootball kwa kidole juu ya kioo cha simu na anayecheza FC kwa pedi wanakabiliwa na shida tafauti kabisa, na jibu la mgeni linalomfaa mmoja huenda lisimsaidie mwengine hata kidogo.

Kwa gemu za simu, angalia urefu wa mchezo. Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, hushindanisha watu 50, na raundi yake huchukua kiasi cha dakika kumi. Ilitengenezwa iweze kuendeshwa na simu zenye uwezo mdogo, na kwa sababu hiyo imeenea kwa vijana wasiokuwa na mashine nyumbani. PUBG Mobile ya mwaka 2018 hushusha watu 100 kisiwani, na mchezo mmoja hufika nusu saa. Katika baraza la saa moja na nusu, ya kwanza inaweza kuchezwa mbele ya watu na ya pili haiwezi, isipokuwa kama umejiandaa kuonyesha vipande vilivyorekodiwa. Gemu za mapigano, kama vile Tekken, ndizo zinazofaa kuliko zote kwa maonyesho: raundi ni ya sekunde 60, mshindi hupatikana kwa raundi tatu, na hata bibi aliyemsindikiza mjukuu wake anaelewa nani anapigwa.

Angalia pia umri. GTA San Andreas ya mwaka 2004 itatajwa tu, kwa kuwa kizazi kizima kilikulia nayo, lakini katika mpangilio wa PEGI unaotumika Ulaya imepewa alama ya 18. Mgeni aizungumze akitaka. Kuionyesha kwenye skrini mbele ya watoto wa skuli na wazazi wao ni kujitafutia lawama zisizo na sababu.

Pahala, saa na umeme

Vijana wengi wakisikia mgeni mashuhuri hufikiria Ngome Kongwe. Ni pahala pazuri kwa taarabu, lakini pako wazi, na skrini haionekani mpaka giza liingie. Ningechagua darasa kubwa la skuli au ukumbi wa jumuiya wenye watu hamsini au sitini, ambamo kila mtu anaona pedi iliyo mkononi mwa mgeni na sauti hazipotei. Mjulishe sheha wa shehia mapema, na ikiwa kutakuwa na kiingilio au burudani nyengine, ulizia taratibu za kibali katika baraza la sanaa kabla hujachapisha tangazo.

Muda kati ya alasiri na magharibi ni mfupi kwa shughuli hii, na ukianza ukachelewa, adhana itakukuta katikati ya swali bora la siku. Baada ya isha panatosha kwa watu wazima, na katika mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Ukitaka wasichana waje, na unapaswa kutaka, fanya asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, uwatengee viti vya mbele badala ya kuwaacha wasimame mlangoni, na uwaambie wazazi saa ya kumaliza. Kwa Pemba, tarehe isitangazwe kabla ya kuangalia siku za boti za kwenda na kurudi.

Umeme unahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi. Visiwa hivi vinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Unguja ilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja mwaka 2008 na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu hapo Pemba imepata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010 na Unguja ikapata wa pili, mkubwa zaidi, mwaka 2013. Giza la miezi limekuwa historia, ila kukatika kwa saa moja au mbili bado ni jambo la kawaida, na mashine ya gemu inayozimika ghafla hutaka kwanza ikague hifadhi yake inapowashwa tena. Tafuta betri ya akiba inayoweza kuibeba mashine, televisheni na kipaza sauti hata kwa dakika kumi tu, ili upate nafasi ya kuzima kwa utaratibu wakati mwenzio anawasha jenereta.

Kuhusu skrini, liko kosa ambalo waandaaji wengi hawalijui. Projekta na televisheni nyingi huichelewesha picha kidogo kwa ajili ya kuirembesha, na ucheleweshaji huo, ambao mtazamaji wa filamu hauoni, humharibia kabisa mchezaji. Gemu za mapigano huendeshwa kwa picha 60 kila sekunde, na ngumi nyepesi ya Tekken hutoka kwa picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Televisheni ikichelewa kwa picha sita au saba, bingwa wako atapigwa na mtoto wa darasa la saba na hatafurahi. Weka televisheni ndogo mbele ya wachezaji, iwashwe katika mpangilio wake wa gemu, kisha picha hiyo hiyo igawanywe ipelekwe kwenye projekta kwa ajili ya watazamaji. Pedi ziunganishwe kwa waya. Masasisho ya gemu yapakuliwe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwani baadhi yake humaliza bando zima na kuchukua saa kadhaa, na gemu ya mapigano ya watu wawili ndani ya chumba kimoja haihitaji intaneti hata chembe.

Maswali

Mashabiki waandike maswali wakati wanaingia, na karatasi zikusanywe katika pakacha mlangoni. Njia hii huwapa nafasi wenye haya na wasichana ambao hawatonyanyua mkono mbele ya kaka zao, na inakupa wewe dakika kumi za kuyapanga. Yanayofanana yaunganishe, yale ya pesa na mambo ya nyumbani ya mgeni yaweke kando, na uanze na lile lililo dogo kuliko yote. Swali dogo huzaa jibu refu. Ukimuuliza mgeni kwa nini anaipenda Tekken, atasema ina msisimko, lakini shabiki akimuuliza, "Kaka, ukibanwa kwenye ukuta na damu imebaki kidogo, unaangalia mikono ya mwenzio au miguu?", mgeni atainuka kitini.

Hapa watu wa Visiwani wana mtaji ambao hawautumii. Anayekaa barazani pale Jaws Corner au kwenye kijiwe chochote cha kahawa anawajua watazamaji wa bao: mbele yao kuna mashimo 32 na kete 64, na hawaridhiki kujua nani kashinda, wanataka kujua kwa nini wakati wa kunamua, yaani hatua ya mwanzo ya bao, mchezaji aliingiza kete katika shimo lile na si katika jirani yake. Waambie mashabiki waulize kuhusu gemu kama wanavyolikosoa bao, na utaona maswali yanabadilika.

Uandae pia kipande kimoja cha video cha kuzungumzia, ikiwa mgeni mwenyewe hakuleta. Kwa mapigano, hakuna kilicho bora kuliko kile cha mashindano ya Evo ya mwaka 2004 huko California, ambapo Mjapani Daigo Umehara, akimtumia mhusika aitwaye Ken katika gemu ya Street Fighter III, alibakiwa na uhai mdogo mno kiasi kwamba hata kujikinga kwa kawaida kungemmaliza, kwa sababu mapigo maalumu humega uhai hata yanapokingwa. Justin Wong wa Marekani akaachia mfululizo wa mateke ya mhusika wake, Chun-Li, na Daigo akayapangua yote 15, kila moja kwa kusukuma kijiti mbele katika wakati wake barabara, kisha akashinda raundi. Simamisha video kabla teke la mwanzo halijafika, umuulize mgeni: hapa wewe ungefanya nini, na ungejuaje kwamba linakuja? Dakika kumi zitapita bila ya wewe kusema neno. Ni vizuri pia mashabiki wajue kwamba Daigo hakuubeba ubingwa siku ile, kwani katika fainali alishindwa na Kenji Obata, ambaye wengi leo hawalikumbuki jina lake.

Litakuja pia swali la kama mtu wa kisiwani anaweza kufika huko. Usilijibu kwa hotuba ya kutia moyo. Taja mifano, umwachie mgeni aichambue: Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, aliyetokea katika nchi ambayo ulimwengu wa Tekken haukuwa ukiitazama, na mwaka 2019 akashinda Evo ya Japani na ya Las Vegas, au, karibu zaidi na sisi, Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni ya UYU kwa kucheza Tekken. Muulize mgeni ni mazoezi ya namna gani yanayowezekana katika banda lenye mashine mbili na foleni ya watoto, kwa kuwa hiyo ndiyo hali halisi ya wanaomsikiliza.

Kucheza mbele ya watu

Baada ya kiasi cha nusu saa ya mazungumzo, mpe mgeni pedi. Mechi ya kwanza acheze dhidi ya shabiki wa wastani na aseme kwa sauti kila anachokiona na kila anachokusudia kufanya, hata kama kwa kusema huko atachelewa na kupigwa. Mechi ya pili ndiyo ya ushindani, naye asinyamazishwe wala asisemeshwe. Watu wakipenda mechi ya kwanza kuliko ya pili, kama inavyotokea mara nyingi, rudia ya namna ile ile na shabiki mwengine, na safari hii achaguliwe msichana au mtoto ambaye hajapata zamu.

Kuwekeana dau la pesa kusiruhusiwe hata kwa mzaha, maana banda la gemu lina maadui wa kutosha miongoni mwa wazazi. Ukirekodi, zima muziki wa ndani ya gemu za mpira, ambao una hakimiliki na unaweza kufanya video yako iondolewe mtandaoni, na usirushe sura za watoto bila ya idhini ya wazee wao.

Maswali yaliyobaki ndani ya pakacha usiyatupe. Yapige picha, umtumie mgeni kabla hajapanda boti, na mkubaliane ayajibu matano kwa sauti ya simu ndani ya wiki hiyo, kila jibu likitaja gemu, mhusika aliyemtumia na kitufe alichobonyeza.