Jinsi ya kuomba hela za serikali ya Marekani kwa utafiti wa mgongo unaowaweka daktari na mtu wa kairo meza moja

Nianze na kinachoangusha watu wengi, fomu na tarehe zitafuata. Andiko linasema "tutashirikiana", limebeba barua tamu kutoka kwa mkuu wa kliniki na mkuu wa chuo, halafu ukitafuta ukurasa unaosema mgonjwa akiingia mlangoni anaanza kwa nani, nani anamwandikia nani, na daktari na mtu wa kairo wakipingana nani ana neno la mwisho, hakuna. Hela za aina hii zinatolewa kwa sababu ya ushirikiano, sasa kama ushirikiano wenyewe hauonekani umeomba nini?

Kwa wasiojua, kairopraktiki ni ile fani ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, unalazwa kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la uso, anakushika, anasukuma ghafla, unasikia ko! Ilianzia Davenport, Iowa, mwaka 1895 kwa D.D. Palmer. Huku Marekani mwenye fani hii naye anaitwa daktari, jambo ambalo liliwakera madaktari wa hospitali miaka na miaka, mpaka chama chao, AMA, kikawa kinahesabu kushirikiana na hawa watu kama kosa la maadili. Chester Wilk na wenzake wakaenda mahakamani 1976, na 1987 jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba AMA ilivunja sheria ya ushindani. Haya nayaleta kwa sababu ukikaa leo na daktari aliyekula chumvi na mtu wa kairo wa umri wake, ugomvi ule bado uko chini ya meza, na we mwandishi wa andiko usipoujua utashangaa kwa nini kikao cha kwanza kimepoa hivyo.

Sasa hela ziko wapi. Mlango mkubwa ni NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, na ndani yake kitengo cha tiba za nyongeza kinachoitwa NCCIH, zamani kiliitwa NCCAM, jina lilibadilishwa Desemba 2014. Hawa ndo wanaoelewa kairo bila we kujieleza sana. Mlango wa pili ni wizara ya ulinzi kupitia programu inayoitwa CDMRP, kule wanajeshi kuumwa mgongo ni tatizo la kazi kabisa maana askari asiyeweza kuinama hapelekwi popote. Mlango wa tatu ni VA, wanaohudumia maveterani, ila hapo mtafiti anatakiwa awe na mguu ndani ya VA yenyewe, usijaribu kuingia kama mgeni. Halafu kulikuwa na HRSA, shirika la serikali la huduma za afya, ambao miaka ya 90 baada ya sheria ya 1992 walianza kutoa ruzuku mahsusi kwa miradi ambayo watu wa kairo na madaktari wanatibu mgongo pamoja. Mwaka 2017 NIH, ulinzi na VA waliungana kabisa wakaanzisha mradi wa pamoja wa tiba za maumivu zisizo za dawa, na mojawapo ya tafiti zake, VERDICT, inauliza swali ambalo kila mgonjwa wa kairo ameshajiuliza akitoa pochi: hivi nije mara ngapi? Walipanga kuchukua maveterani 766.

Kabla hujaandika hata sentensi moja, soma tafiti mbili zilizokwishapata hizi hela. Ya kwanza ni ya wanajeshi, ilitoka 2018 kwenye jarida la JAMA Network Open, Christine Goertz na timu yake, watu 750 kutoka hospitali tatu za jeshi, 250 kila moja. Nusu wakapata matibabu ya kawaida, nusu matibabu ya kawaida pamoja na kairo, wiki 6. Walioongezewa kairo maumivu yao yalishuka zaidi ya wenzao kwa kama pointi 1.1 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Si muujiza, ila inaonekana. Angalia pia swali lilivyokaa, hawakuuliza "nani bora, daktari au kairo", waliuliza "ukiongeza kairo juu ya matibabu ya kawaida inasaidia?" Swali la namna hiyo daktari anaweza kulisaini bila kuona amesaliti kabila lake.

Ya pili inaitwa COCOA, hela za HRSA, wazee 131 wa miaka 65 na kuendelea, walikuwa chuo cha kairo cha Palmer pamoja na programu ya madaktari wa familia wa eneo hilohilo la Davenport. Hii ndo ya kuisoma mara mbili, kwa sababu waligawa makundi matatu: daktari peke yake, daktari na kairo kila mtu kivyake, halafu daktari na kairo wanaozungumza na kupanga pamoja. Yaani ushirikiano wenyewe uliwekwa kwenye mizani kama dawa. Matokeo? Makundi yote yalipata nafuu na kwa maumivu hayakutofautiana kwa maana. Wengine wakiona hivyo wanaificha, mi nasema iweke ukurasa wa kwanza wa andiko lako, maana mpitiaji, yaani anayelisoma andiko na kulipa alama, kama anaijua fani anaijua na hii, na ukisema wazi kwamba ushirikiano ule haukupunguza maumivu zaidi halafu ukaeleza wako utatofautiana vipi, umeshamkamata.

Haya, jikoni sasa. Pale nilipofanya kazi kama mratibu wa utafiti, tulikuwa na daktari wa familia na mtu wa kairo, majengo mawili tofauti, barabara moja katikati. Kikao cha kwanza daktari anasema "maumivu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo maalum", mwenzake anasema "pingili ya nne haichezi", wanaongelea kiuno kilekile cha mama mmoja wa miaka 71 tuliyekuwa tunamtumia kama mfano. Nikawauliza, mama huyu akitoka kwako kwenda kwake anabeba nini? Kimya. Baadaye yule mama mwenyewe alipokuja alifungua pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ameandika kwa kalamu dawa zake zote, na moja wapo ni ya kuzuia damu kuganda, kitu ambacho mtu wa kairo alitakiwa akijue kabla hajamgusa. Mifumo yao ya kompyuta haisomani. Yule bibi ndo alikuwa mfumo!

Tukatengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Juu: dawa, mivunjiko ya mifupa, saratani, ganzi miguuni, mkojo unaotoka bila taarifa. Katikati: mgonjwa anataka aweze kufanya nini (mama yule aliandika "kuvaa soksi mwenyewe"). Chini: kila mmoja anaandika mpango wake kwa lugha ambayo mwenzie anaielewa, na sehemu ya kusema "sikubaliani, nipigie". Tena tukaandika kwamba simu hiyo ipigwe ndani ya siku mbili na nani anaandika kwamba imepigwa. Fomu ile ndo ikawa moyo wa andiko. Kwa hiyo ushauri wangu, tengeneza fomu yako kwanza, ijaribu kwa wagonjwa wachache kwa ruhusa ya kamati ya maadili, ona wapi inakwama, halafu ndo uandike. Mambo mengine yote yatajipanga kuizunguka.

Kuhusu makaratasi nitaenda haraka. Hela haombi mtu, inaomba taasisi. Taasisi lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, daftari la serikali la wanaopokea hela zake (usajili unahuishwa kila mwaka, chuo kidogo cha kairo kinaweza kuwa kimesahau), iwe na namba ya utambulisho ya UEI, iwe imesajiliwa pia Grants.gov, na we uwe na akaunti ya eRA Commons, mfumo wa maombi wa NIH, inayofunguliwa na ofisa wa taasisi. Anza wiki 6 kabla, kabisa, usiniambie wiki mbili zinatosha. Kwa CDMRP kuna mfumo wao wa eBRAP, na mara nyingi unapeleka muhtasari kwanza wakikualika ndo unaleta andiko zima. Jambo la kuwafurahisha wenzangu wa diaspora: kwa ruzuku kama R01 na R21 uraia hauulizwi, hata kama uko kwa viza ya kazi, mradi taasisi yako inakupeleka. Lakini zile za kumkuza mtafiti chipukizi kama K23 zinataka raia au mwenye grini kadi, soma hapo kabla hujapoteza miezi.

Chagua ukubwa unaokutosha. R21 ni miaka 2 na kwa yote miwili haizidi dola 275,000 za moja kwa moja (za kazi yenyewe, bila gharama za uendeshaji za taasisi), R01 ni kubwa zaidi na kurasa za maelezo ni 12 badala ya 6. Ila kama unachofanya ni jaribio la tiba kwa wagonjwa, na kairo karibu yote iko hapo, NCCIH wana matangazo yao ya majaribio na hupokelewi tu kwa mlango wowote, kwa hiyo andika ukurasa mmoja wa malengo, mtumie ofisa wa programu kwa imeili, omba simu ya dakika 20. Watu wetu tunaona aibu kumsumbua mkubwa, tunaona ni kama kuomba rushwa ya maneno. Huku ni kazi yake, analipwa kwa hiyo. Ukitaka dola 500,000 au zaidi za moja kwa moja kwa mwaka mmoja unatakiwa umwombe ruhusa wiki 6 kabla hata hivyo.

Mtafiti mkuu awe nani? NIH wanaruhusu wakuu zaidi ya mmoja, na kwa utafiti huu mi ningeweka wawili, daktari na mtu wa kairo, lakini hapo lazima uandike mpango wa uongozi: nani anaamua kuhusu usalama, nani bajeti, wakigombana anaitwa nani. Halafu fuata bajeti na uone kama inasema ukweli. Nimeona andiko ambalo daktari "mshirika" alipewa asilimia 2 ya muda wake, yaani chini ya saa moja kwa wiki. Huyo atasoma zile fomu saa ngapi? Na usimsahau mwanatakwimu, mlipe tangu mwanzo, usimwite mwishoni kama fundi wa kuziba pancha. Kama vituo ni zaidi ya kimoja, NIH wanataka kamati moja tu ya maadili isimamie vyote, na mazungumzo ya mikataba hiyo kati ya chuo cha kairo na hospitali ni marefu kuliko unavyofikiri, weka miezi.

Upande wa alama, tangu Januari 25, 2025 NIH wanapima vitu vitatu: umuhimu, kisha ubora wa njia na kama inatekelezeka, hivi viwili vinapewa 1 hadi 9 na 1 ndo bora, cha tatu ni utaalamu na vifaa ambacho kinasemwa tu kinatosha au hakitoshi. Maana yake jina kubwa la hospitali halikubebi kama zamani. Fomu yako ya ukurasa mmoja iko kwenye cha pili, na hapo ndo ugomvi wote.

Ukikataliwa, na mara ya kwanza jiandae hivyo, usijibu siku hiyo. Weka kando wiki mbili. Una miezi 37 ya kurudisha andiko lilelile mara moja, na ukurasa mmoja mbele wa kujibu waliyosema. Sisi tulikataliwa, mpitiaji mmoja aliandika kwamba haelewi nini kinatokea daktari akisema acha na mtu wa kairo akisema endelea. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kwenye kiambatisho, mchoro mzuri kabisa. Tukauhamishia ukurasa wa tatu.