Jinsi ya kubuni kisa cha vita vya baharini vya kisasa kwa mchezo wa mezani

Karibu kila anayebuni kisa cha vita vya baharini kwa mara ya kwanza huanza kwa kuorodhesha manowari: hizi zangu, zile zako, hii ina makombora mangapi, ile ina mwendo gani. Nami nilianza hivyo hivyo. Kisa changu cha kwanza kilikuwa na manowari 23, kila moja na kadi yake niliyoichora kwa uangalifu mkubwa, na mchezo ulimalizika katika zamu ya tatu. Pande zote mbili zilikuwa zikionana tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya isipokuwa kurusha kila kitu kabla ya mwenzako hajarusha. Hakuna mchezaji aliyelazimika kufikiri. Tangu hapo orodha ya meli huwa ndiyo kazi yangu ya mwisho, na maelezo yanayofuata yanafuata mpangilio huo.

Uamuzi kwanza

Kabla ya kugusa ramani, andika kwa sentensi moja uamuzi mgumu ambao unataka kamanda wa kila upande aukabili. Sentensi hiyo ikikushinda, bado huna kisa, una mkusanyiko wa meli tu. Katika maelezo haya nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Upande wa Bluu unapaswa kuzisindikiza meli 12 za mizigo kupitia mlango bahari mrefu, na uamuzi wake ni huu: ni sehemu gani ya safari ifanyike mchana, ilhali usiku hautoshi kuificha safari nzima? Upande wa Nyekundu unadai mamlaka juu ya mlango huo, lakini hautaki vita kamili, na uamuzi wake ni wa namna nyingine: ushambulie mapema ukiwa na habari chache, au usubiri uhakika huku msafara ukizidi kusonga mbele?

Majina ya rangi yana faida zaidi ya mazoea. Ukitumia nchi halisi, wachezaji huja na siasa zao mezani na hubishana kuhusu nani ana haki badala ya kushughulikia tatizo ulilowawekea. Hata hivyo, tabia ya pande zako itoke katika mambo yaliyowahi kutokea. Mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalizifanya kampuni nyingi kubwa za meli zipitishe vyombo vyao Rasi ya Tumaini Jema, ingawa meli nyingi mno zilikuwa zimepita salama. Maana yake kwa mbunifu ni kwamba Nyekundu hailazimiki kuzamisha manowari hata moja ili ishinde. Inatosha wenye meli za biashara waone kwamba njia hiyo haina faida tena. Basi alama za ushindi zihesabiwe kwa meli za mizigo zilizofika, zilizogeuka na zilizochelewa, na si kwa idadi ya manowari zilizoharibiwa.

Ramani, saa na sheria

Sasa chora mlango bahari, lakini anza na hesabu ya saa. Tuseme urefu wake ni maili 180 za baharini, na msafara unakwenda maili 12 kwa saa, mwendo ambao meli ya mizigo ya kawaida huumudu bila shida. Safari nzima ni saa 15. Usiku ukiwa wa saa 11, zinabaki saa 4 za mwanga ambazo Bluu haiwezi kuzikwepa, na hapo ule uamuzi tulioutaka umejitokeza wenyewe kutokana na umbali na mwendo, bila kanuni ya ziada. Mlango ungekuwa wa maili 130 pekee, msafara ungepita wote gizani na kisa kingekufa. Kwa sababu hiyo napenda kubadilisha ramani ili iifuate saa, jambo ambalo wapenzi wa ramani halisi huliona kuwa dhambi.

Upana nao huleta sheria. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, nchi inaweza kudai maji yake hadi maili 12 kutoka pwani. Sehemu finyu ya mlango wetu ikiwa na upana wa maili 18, na pwani hizo mbili zikiwa za nchi tofauti, basi hakuna bahari huru katikati. Kila tone lina mwenyewe. Lakini mkataba huohuo unazipa meli na ndege za nchi zote haki ya kupita katika milango bahari inayotumika kwa safari za kimataifa, na nchi za pwani haziruhusiwi kuisimamisha haki hiyo. Mgogoro wa Nyekundu na Bluu hupata msingi unaoeleweka hapa: mmoja anasema haya ni maji yangu, mwingine anasema nina haki ya kupita, na wote wawili wana hoja.

Nani anamwona nani

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha kisa kizuri na kibaya, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Katika vita vya baharini vya kisasa, kumpiga adui ni rahisi kuliko kumpata, na anayempata mwenzake kwanza huwa amekwisha kupata nusu ya ushindi. Uso wa dunia umepinda, kwa hiyo rada ya manowari haioni kitu kilicho karibu na maji zaidi ya umbali fulani. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa rada kutoka majini kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha kitu unachokitafuta, kisha zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Rada iliyo mita 25 juu ya maji ikitafuta kombora linaloruka mita 4 juu ya mawimbi italiona likiwa kilomita 29 hivi. Kombora hilo likienda mita 300 kwa sekunde, manowari ina takriban dakika moja na nusu ya kuishi au kufa.

Hesabu hiyo inaamua muundo wa mchezo wako. Ikiwa zamu moja ni saa nzima, mchezaji hawezi kuruhusiwa kutafakari jibu la shambulio la sekunde 90. Uamuzi huo lazima awe ameufanya kabla. Kwa hiyo mwambie kila mchezaji, kabla mchezo haujaanza, aandike amri za matumizi ya silaha: manowari zake zifyatue wakati gani bila kumwuliza, na zisubiri wakati gani. Mwamuzi, yaani mtu wa tatu asiye wa upande wowote, azitekeleze amri hizo kama zilivyoandikwa, hata mwandishi wake akijuta. Nimeona wachezaji wakitoka jasho juu ya karatasi hiyo kuliko katika mapigano yenyewe.

Ili amri hizo ziwe na uzito, bahari isiwe tupu. Weka mashua za wavuvi, meli za mafuta, ndege za abiria zenye ratiba, na vitu ambavyo rada inaviona bila kuvitambua. Ghuba ya Uajemi ilitoa makosa mawili yanayokabiliana katika muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo tu. Mei 17, 1987, manowari ya Marekani USS Stark ilipigwa kwa makombora mawili ya Exocet kutoka kwa ndege ya Iraki ambayo haikuhesabiwa kuwa adui, na mabaharia 37 wakafa. Julai 3, 1988, USS Vincennes iliidhania ndege ya abiria ya Iran Air kuwa ya kivita, ikaitungua, na watu wote 290 waliokuwamo wakafa. Kamanda wa mezani anapaswa kuhisi kwamba makosa yote mawili yanamsubiri, na kwamba kila amri inayomwepusha na moja inamsogeza karibu na la pili. Katika kisa chetu, Nyekundu ipewe alama nyingi Bluu ikiua raia, na Bluu vivyo hivyo.

Rada nayo ina gharama. Manowari inayowasha rada yake huonyesha ilipo, kwa kuwa mpokeaji wa adui hulisikia wimbi la rada kutoka mbali kuliko rada yenyewe inavyoweza kuona. Kwa hiyo kila zamu mchezaji atamke: imewashwa au imezimwa. Helikopta huongeza chaguo la tatu. Ikipanda mita 900, kwa kanuni ileile itaiona meli yenye kimo cha mita 16 kutoka kilomita 140 hivi, umbali unaofunika upana wote wa mlango wetu na zaidi. Ipe kikomo cha saa tatu hewani na mapumziko baada ya kila safari, kisha umwache Bluu achague ni saa zipi tatu anazozihitaji zaidi.

Haya yote hayawezekani juu ya ramani moja inayoonekana na wote. Tumia ramani tatu: ya Bluu, ya Nyekundu na ya mwamuzi, ambayo peke yake ina ukweli wote. Njia hii ni ya zamani. Katika kitengo cha mafunzo kilichoanzishwa Liverpool mwaka 1942 kupambana na nyambizi za Ujerumani, mchezo ulichezwa juu ya sakafu iliyochorwa kwa chaki, na maafisa waliocheza nafasi ya manowari za ulinzi waliwekwa nyuma ya mapazia wakaachiwa upenyo mdogo wa kuchungulia. Ukikosa chumba cha pili, pazia linatosha hadi leo.

Sasa vikosi

Ukifika hapa, orodha ya meli hujiandika karibu yenyewe, kwa sababu unajua kila chombo kinahitajika kwa uamuzi gani. Bluu nitaipa manowari mbili na helikopta moja. Nyekundu nitaipa makombora manane ya pwani, boti sita za kasi, ndege mbili za upelelezi zisizo na rubani, na nyambizi moja ya dizeli. Nyambizi hiyo, ikinyemelea chini ya maji kwa maili 4 kwa saa, haitafika mbali zaidi ya maili 60 katika saa 15 za kisa, kwa hiyo haiwezi kuukimbiza msafara. Mchezaji aichagulie mahali pa kuvizia kabla ya zamu ya kwanza na abaki na chaguo lake.

Nguvu ya makombora ipime kwa hesabu ambayo Wayne Hughes, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliifanya ijulikane: idadi ya makombora yanayofika kwa pamoja, toa yanayozuiwa, kisha gawanya kwa idadi inayotosha kulemaza meli moja. Tuseme kila manowari ya Bluu inaweza kuzuia matatu kwa wakati mmoja, na mawili yanatosha kuilemaza. Manowari zikiwa pamoja zinazuia sita. Nyekundu ikirusha sita haipati kitu, ikirusha manane inalemaza moja. Makombora mawili ya ziada yanageuza kutofanikiwa kabisa kuwa mafanikio makubwa. Ndiyo maana kombora moja la kuongeza au kupunguza linaweza kuuvuruga mchezo uliokuwa na uwiano, na ndiyo maana Nyekundu inayorusha kidogo kidogo hupoteza akiba yake bure. Usiruhusu kujaza upya silaha ndani ya kisa. Manowari nyingi zinahitaji kurudi bandarini kwa kazi hiyo.

Jambo moja husahaulika. Kombora lililopotoshwa halitoweki angani. Mei 25, 1982, katika vita vya Uingereza na Ajentina vya visiwa vya Falklands, meli ya mizigo ya Uingereza Atlantic Conveyor ilipigwa kwa makombora ya Exocet yaliyokuwa yamerushwa kwa matumaini ya kupata manowari kubwa, ikapotea pamoja na helikopta ilizobeba. Kwa hiyo kombora lililokwepwa litafute shabaha nyingine iliyo karibu, na Bluu ifikirie vizuri kama inataka manowari zake zikae ubavuni mwa meli za mizigo.

Mwisho wa mchezo na majaribio

Amua mapema ni hasara gani inamlazimu kila upande kurudi nyuma. Baada ya manowari General Belgrano kuzamishwa na nyambizi ya Uingereza Mei 2, 1982, manowari za Ajentina zilibaki karibu na pwani yao kwa muda uliobaki wa vita. Wachezaji wa mezani, kinyume chake, hupigana hadi chombo cha mwisho kwa kuwa mabaharia wao ni karatasi. Kikomo kilichoandikwa huwarudishia hofu inayofaa.

Andika pia mwamuzi atafanya nini mchezo ukiisha ghafla. Katika zoezi la Marekani la Millennium Challenge, 2002, jenerali mstaafu Paul Van Riper, aliyeongoza upande wa adui, alizamisha meli 16 za upande wa pili mwanzoni kabisa. Meli zikafufuliwa na zoezi likaendelea. Kuanza upya si kosa, mradi wachezaji wawe wameambiwa kabla, na matokeo ya kwanza yaandikwe na kuhesabiwa.

Kisha cheza kisa chako mara nyingi kadiri uwezavyo, ukiwabadilisha wachezaji pande. Kila jaribio likiisha, kabla hujafunua ramani ya mwamuzi, mwombe kila kamanda achore mahali anapodhani adui alikuwa katika saa ya tano na ya kumi. Michoro ikilingana na ukweli kila mara, punguza macho ya pande zote mbili. Ikiwa mbali mno na ukweli kila mara, ongeza safari moja ya helikopta au ndege moja ya upelelezi, na ujaribu tena kabla ya kugusa idadi ya makombora.